Picha ya Ukurasa wa Kwanza

Ukurasa wa kwanza wa websait yetu ulikuwa na wanaume wanane na tai zao. Nawakumbuka kwa mpangilio kwa sababu mimi ndiye niliyewapanga: mlezi juu peke yake, mwenyekiti chini yake, makamu wake, katibu, kisha wanakamati wengine kwa kufuata umri ili asije mtu akanuna. Chini yao, ukishuka sana, ndipo ulipokuta sentensi mbili kwamba shirika letu linatengeneza vyuma vya miguu na magongo kwa watoto waliopata polio. Picha ya mtoto haikuwepo hata moja. Nami, bila aibu, niliiona kazi hiyo kuwa nzuri.

Usinicheke. Mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba shughuli haianzi kabla wakubwa hawajatajwa. Iwe harambee, harusi au mazishi, msemaji atasimama awataje walioketi mbele mmoja mmoja, na akimruka mtu atasikia habari yake baadaye. Tulipopata websait tuliipanga vivyo hivyo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta za Thika nzima ungeweza kuzihesabu, na hakuna aliyetuambia kwamba mgeni wa huko haketi kusubiri itifaki.

Tuliachiwa websait hiyo na mama mmoja wa ng'ambo aliyejitolea kwetu kwa miezi mitatu. Kabla hajaondoka aliniandikia kwa mkono, kurasa nne za daftari, namna ya kubadilisha picha na maneno, na neno la siri akanipa mimi peke yangu kwa kuwa ndimi niliyejua kupiga taipu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa Majengo, Thika, nilikuwa na cheti changu cha ukarani, mtandio kichwani, na mdomo usio na breki. Mama yangu alizoea kusema kwamba kazi yoyote nitakayoipoteza, nitaipoteza kwa mdomo.

Ofisi ilikuwa Ruiru, vyumba viwili vya mawe nyuma ya maduka. Kimoja kilikuwa changu na mafaili yangu, kingine kilikuwa karakana ya fundi. Fundi huyo alianza maisha kama mshona viatu, na sijapata kumwona mtu mwenye maneno machache kama yeye. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Kila chuma cha mguu alikitoboa matundu mengi kuliko yaliyohitajika siku ile, moja chini ya jingine, ili mtoto akirefuka skurubu ihamishwe tundu moja chini bila kutengeneza chuma kipya. Watoto walikuja kila baada ya miezi kadhaa kuhamishiwa skurubu. Matundu yakiisha, vyuma navyo vimekwisha, na mtoto anapimwa upya.

Kati ya watoto wetu alikuwepo msichana wa Gatuanyaga, wa miaka tisa. Alipoletwa kwetu mara ya kwanza alikuwa na miaka mitano, na alitembea kwa kujiburuta, malapa ameyavaa mikononi. Nilimwona akiingia hivyo mlangoni kwetu, nikajifanya natafuta karatasi kwenye droo. Fundi akamfanyia vyuma, akajifunza kusimama, halafu kutembea, halafu kwenda shule, na siku hizo alikuwa akija na mama yake huku akiringa kidogo, daftari lake kwapani. Mama yake alikuwa mkulima mdogo, mwenye mbuzi wachache na shamba la mahindi ambalo mvua ililisahau mara kwa mara.

Kisha ikaja barua. Kanisa moja la ng'ambo lililokuwa likitununulia chuma na ngozi lilituandikia kwa upole sana kwamba msaada wao utakoma mwisho wa mwaka. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliisoma mara mbili akaikunja. Nilimpelekea fundi habari karakana. Alifungua daftari lake la vipimo akaweka kidole.

"Huyu wa Gatuanyaga amebakisha tundu moja," alisema. "Hiyo ikiisha, sina chuma ya kumtengenezea."

Sikuhitaji kuelezwa maana yake. Ilikuwa malapa mikononi tena.

"Sekretari," Mwalimu aliniambia jioni ile, "hiyo kitu yako ya kompyuta, ifanye ivutie watu."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Thika kwenye saiba, chumba cha kukodi kompyuta kwa dakika, orofani juu ya duka la dawa. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mcheshi, ambaye hakuacha kutafuna njugu juu ya kibodi. Nilifungua websait yetu kwa mara ya kwanza kama mgeni angeifungua, nikaketi nikangoja. Wakati ule picha ilishuka kidogo kidogo kutoka juu. Likatokea paji la uso la mlezi. Baada ya muda zikatokea nyusi zake. Dakika zilizidi kwenda, nazo zililipiwa, na bado tulikuwa kwenye tai.

Mwenye saiba akasogeza kiti. "Hawa ni akina nani? Wanasimama ubunge?"

"Ni kamati yetu."

"Na mnafanya kazi gani?"

"Tunatengenezea watoto vyuma vya miguu."

Akaangalia skrini tena, akatia njugu mdomoni. "Hapo mimi naona tai tu."

Nilikasirika. Njia nzima ya kurudi Ruiru nilibishana naye kichwani, na kila mara alinishinda.

Kwenye mkutano wa kamati niliomba wanane wale wahamishiwe ukurasa wao wenyewe, na ukurasa wa kwanza uwe wa mtoto. Mwalimu alivua miwani.

"Mgeni akikuja kwako," aliniuliza, "ni nani anampokea? Ni mtoto ama ni mwenye nyumba?"

"Mwalimu, huyu mgeni bado hajaingia," nikasema. "Amesimama huko barabarani akiangalia kama ataingia. Wacha aone kazi kwanza. Akishakaa, tutamwonyesha wenye nyumba."

Walizungumza wao kwa wao, wakarudi kwangu, na mwishowe Mwalimu akakubali, kwa sharti kwamba kwenye ukurasa huo mwingine wasipangwe kwa alfabeti. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Kuanzia siku ile niliamini kwamba katika wilaya nzima hakuna anayejua kuvutia wafadhili kunishinda.

Nilituma ujumbe kupitia shule kwamba Jumamosi nitakwenda Gatuanyaga kumpiga picha yule msichana. Nilipofika, viatu vyangu vimegeuka rangi kwa vumbi, nilikuta nyumba imefagiliwa mpaka nje ya ua. Makochi yalikuwa yametandikwa vitambaa vyeupe vya kusuka. Maua ya plastiki yalikuwa mezani. Msichana alikuwa ameketi katikati, kavaa gauni jeupe la harusi, lile la watoto wanaotangulia bibi arusi, refu linalofunika miguu, na viatu vyeusi vya kung'aa ambavyo ni wazi havikuwa vyake. Nywele zilikuwa zimepakwa mafuta. Mikono aliiweka juu ya magoti, akatabasamu kama watu wanavyotabasamu studio.

Nilimpiga moja kwa adabu. Kisha nikauliza, "Mami, vyuma viko wapi?"

"Nimetoa," mama yake akasema, akinishangaa. "Si ni picha?"

Vilikuwa vimesukumwa chini ya kitanda. Nilielewa vizuri sana, na ndiyo sababu siwezi kujitetea. Kwetu picha ni siku ya kupendeza. Nyanya yangu Majengo, aliyekuwa na jicho moja bovu, hakuwahi kupigwa picha ila kwa ubavu, na sote tulijua bila kuambiwa upande wa kusimama. Hakuna mzazi wa Thika, Mwislamu wala Mkristo, ambaye angepeleka mbele ya kamera kile anachokiombea dua kila siku kiondoke. Mama yule hakukosea kitu. Aliyekosea alikuwa mimi, niliyekuja na akili za saiba.

"Hii picha inaenda kwa watu wa ng'ambo," nilimwambia. "Wakimwona hivi watasema huyu hana shida. Mvue hiyo gauni, mvalishe sweta ya shule na vyuma vyake, umtoe hapo nje tumwone vile huwa."

Nilisema hayo kwa sauti ambayo kwa kawaida naiweka kwa wauza nyanya wanaonipunja. Mama aliniangalia mara moja. Alikuwa wa umri wa kunizaa, lakini kamera ilikuwa yangu, na vyuma vilitoka kwetu, na sote wawili tulilijua hilo. Alipiga magoti mbele ya binti yake akaanza kufungua vifungo mgongoni. Kwenye kifungo cha tatu au cha nne mtoto akaanza kulia, bila sauti, machozi tu. Alipomtoa nje, mkanda mmoja wa ngozi ulikuwa haujafungwa vizuri na kifundo cha mguu kilikuwa cheupe kwa vumbi. Nikapiga. Nilijua papo hapo kwamba nimeipata.

Mwenye saiba alipoiweka kwenye skana aliacha kutafuna. "Hii itafanya kazi," alisema. Hakunitazama.

Na kweli ilifanya kazi. Kwa wiki chache zilizofuata, kila nilipokwenda Thika nilikuta barua pepe zinangoja. Waliandika walimu wa shule fulani, mume na mke waliostaafu, muuguzi mmoja, na kikundi cha wanawake wa kushona. Waliuliza chuma kinapatikanaje, ngozi inatoka wapi, watume kupitia nani. Nilizichapisha zote nikazipeleka Ruiru kama mtu anayepeleka nyama nyumbani. Fundi alipata chuma, akaanza na jozi ya yule msichana. Kamati ilinipigia makofi. Mwalimu, kwa furaha yake, akachukua ukurasa wa kwanza niliouchapisha akaubandika kwenye ubao wa mlango wa karakana ili wazazi waone jinsi tunavyowahangaikia. Aliniomba pini nne, nami nikamletea.

Siku ya kuhamisha skurubu walikuja wengi. Msichana wa Gatuanyaga alifika na mama yake wakakaa foleni karibu na mlango. Nilikuwa dirishani kwangu. Nilimwona akiinua macho kwenye ubao, akasoma maneno, halafu akaona picha. Watoto wawili nyuma yake nao waliona. Mmoja akamuuliza, wala si kwa ubaya, "Si huyu ni wewe unalia?"

Fundi alipomwita aketi kwenye benchi apimwe, alitikisa kichwa. Mama yake alimwinamia wakanong'onezana, kisha mama akaondoka naye bila kuniaga. Nilijiambia kwamba ni hasira za kitoto na atarudi wiki ijayo.

Hakurudi wiki hiyo, wala mwezi huo, wala uliofuata. Vyuma vipya, ambavyo fundi alivimaliza kwa kukisia urefu, vilikaa vimening'inia kwenye msumari. Kisha mwalimu wake wa darasa akapitia ofisini. Alisema vyuma vya zamani vimembana mpaka vikamchubua, mtoto amevivua, na amekataa kabisa kupelekwa kwa "wale watu wa picha". Shule ameacha. Yuko nyumbani, anajiburuta.

Kila kitu nilichokifanya nilikifanya ili mtoto yule asirudi chini, na sasa alikuwa chini kwa sababu yangu. Niliona haya hadi nikashindwa kula chakula nilichokuwa nimekibeba.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia picha itolewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na sipendi mtu yeyote amfikirie hivyo.

"Sekretari, si ni wewe ulisema mgeni aone kazi kwanza?" alisema. "Ameona. Ameingia. Sasa unataka tumfungie mlango? Na hao watoto wengine, vyuma yao inatoka wapi?"

Kila chuma kilichokuwa karakana siku ile kilitokana na picha hiyo. Akasema ataliweka kwenye ajenda ya kamati. Kamati ilikuwa ikutane baada ya wiki tatu.

Sikungoja. Kwanza niling'oa ile karatasi ubaoni. Kisha nikapanda kwenda Thika na kurasa zangu nne za daftari, nikaifuta picha, na katikati ya ukurasa pakabaki mraba mtupu. Katika filamu ileile nilikuwa nimepiga mikono ya fundi ikitoboa chuma, ili tu kuimaliza filamu. Nikaiweka hiyo. Chini yake niliandika kwa Kiingereza changu cha ukarani kwamba mtoto akikua tunahamisha skurubu tundu moja chini, na matundu yakiisha tunaanza upya, na hatutaki mtoto yeyote amalize matundu kabla sisi hatujapata chuma. Sikujua kama kuna mtu duniani atakayejali matundu. Nilikuwa nimeogopa sana, maana ikishindikana, watoto wote wangelipia dhamiri yangu.

Siku iliyofuata nilimwomba fundi twende Gatuanyaga. Alivua aproni, akachukua spana, akavifunga vyuma kwenye gunia. Mimi nilibeba bahasha. Ndani yake kulikuwa na picha ya kwanza, ile ya kochini, ambayo nilikuwa nayo kwenye droo tangu siku iliposafishwa, na sikuwahi kukumbuka kwamba ni mali ya mtu.

Mama alitukaribisha. Kwao hata mtu aliyekukosea huingizwa ndani akapewa chai, na chai ile niliinywa kwa shida. Msichana alikuwa ameketi sakafuni kwenye mlango wa chumba cha ndani, ametugeuzia ubavu.

"Mami, nimekuja kukuomba msamaha," nikasema. "Sikukuuliza. Nilikuamrisha ndani ya nyumba yako."

Alizungusha kikombe chake mezani. "Hiyo gauni niliiomba kwa wifi yangu," alisema taratibu. "Tulikuwa hatuongei, mwaka wa pili sasa. Nikaenda nikamwangukia, kwa sababu ya hiyo picha. Na wewe hukukaa hata dakika kumi ukasema itolewe."

Nikampa bahasha. Aliitoa picha, akaiangalia, akampelekea binti yake. Mtoto aliitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho:

"Hiyo ingine, ni watu wangapi wameniona?"

"Wengi," nikasema. "Siwajui."

"Wewe ukilia, unapigwa picha?"

"Hapana."

Nilitamani anitukane, ingekuwa rahisi. Fundi alikohoa, akafungua gunia, akaviweka vyuma sakafuni katikati ya chumba na kuketi kando yake, kama mtu asiye na haraka wala shughuli nyingine duniani. Baada ya muda mtoto akajisogeza, akanipita mimi, akamnyooshea fundi mguu.

"Inauma?" fundi akamuuliza alipokaza mkanda.

"Hapana. Lakini ni ndefu."

"Utakua," fundi akasema, akahamisha skurubu matundu mawili juu.

Kamati ilinikaripia, kisawasawa, kila mmoja kwa zamu yake na kwa kufuata vyeo. Nadhani sikufukuzwa kwa sababu neno la siri nilikuwa nalo mimi. Wafadhili kadhaa walinyamaza na hatukuwasikia tena. Kile kikundi cha wanawake wa kushona kilibaki, na polepole wakaja wengine walioandika kuuliza habari za matundu, mtoto wa miaka kumi huhitaji mangapi, chuma kimoja hukaa muda gani. Haikuwa haraka kama ile ya kwanza. Kuna miezi fundi alipima watoto akakaa akingoja chuma, na miezi hiyo sikulala vizuri. Lakini karakana haikufungwa, na yule msichana alirudi darasani na vyuma vyake.

Waliozidi kunisumbua ni wale walioandika kumuulizia msichana. Waliuliza yuko wapi yule mtoto aliyekuwa akilia, mbona mmemwondoa, kumetokea nini, tunaomba picha yake nyingine. Mwalimu alitaka niwajibu vizuri, kwa salamu kamili za shirika na za mlezi. Nilifungua barua hizo moja baada ya nyingine pale saiba, na kila moja nikaijibu kwa mstari mmoja. Niliwaandikia kwamba yuko shuleni.